Muuguzi wa cheti anapopanda kuwa muuguzi aliyesajiliwa: uzoefu wake uhesabiwe vipi wodini?

Binti wa Bomang'ombe

Habari za majukumu, ndugu wauguzi, na walimu wetu shikamooni. Mimi ni muuguzi wa cheti, kwa muundo wa utumishi Muuguzi Daraja la II, na nimefanya kazi kwa miaka kadhaa wilayani Hai, kwanza katika zahanati na sasa katika kituo cha afya, ambako pamoja na kazi za wodini huwa nasindikiza wagonjwa wa rufaa kwa gari la wagonjwa kwenda hospitali za Mawenzi au KCMC mjini Moshi. Nimepata nafasi ya kusoma NTA ngazi ya 6 ili nitunukiwe stashahada na hatimaye niingie katika rejista ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kama muuguzi aliyesajiliwa. Ada nimeiandaa, ruhusa ya mwajiri naifuatilia, na masomo ya darasani hayanitishi.

Linalonisumbua ni mafunzo kwa vitendo. Nimeelezwa kwamba nitapangiwa wodi kama mwanafunzi mwingine yeyote, na kwamba kila kitendo kitaandikwa katika kitabu cha mazoezi na kutiwa saini na msimamizi, vikiwemo vitendo ambavyo nimevifanya usiku na mchana bila kusimamiwa na mtu: kuweka kanyula (mrija mdogo wa mshipani), kuchoma sindano, kusafisha vidonda, kuzalisha. Mtoto wa mama yangu mkubwa yuko Texas, Marekani, ambako ni paramediki, yaani mhudumu wa dharura anayefanya kazi kwenye ambulensi. Naye anataka kuwa muuguzi aliyesajiliwa, na chuo alichoomba kimemwambia kwamba kitamvusha sehemu ya mwaka wa kwanza lakini wodini hana budi kwenda. Tulipozungumza kwa simu tuligundua kwamba malalamiko yetu ni yaleyale, ingawa nchi ni mbili.

Naomba mnifafanulie: mtu aliyekwisha kuzoea kazi anatakiwa ajifunze nini hasa wodini? Tena afanye nini ili miezi hiyo isiishie katika kurudia anayoyajua?

Mwalimu wa Wodini, Moshi

Marahaba, binti. Swali lako ni zuri, na nakiri kwamba vyuo vyetu vingi havina jibu lililoandikwa, kwa sababu vinampa muuguzi anayejiendeleza kitabu kilekile cha mazoezi anachopewa kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi. Ukikifungua unaona orodha ya vitendo, na ukishaona orodha unaanza kuhesabu ulivyovifanya. Kwa hesabu hiyo una haki ya kulalamika. Lakini orodha hiyo ni sehemu ndogo ya kinachomtenga muuguzi aliyesajiliwa na muuguzi wa cheti.

Chukua mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo mchana, mtu mzima wa kilo 60, mwenye katheta, yaani mrija wa kutoa mkojo. Muuguzi wa cheti akiagizwa apime mkojo kila saa atapima na kuandika bila kosa. Muuguzi aliyesajiliwa anatarajiwa kujua kwamba mtu wa uzito huo asitoe chini ya mililita 30 kwa saa, yaani nusu mililita kwa kila kilo, na kwamba akitoa 20 saa hii na 15 saa ijayo, lipo jambo linaloendelea hata kama presha bado inasomeka vizuri. Atakagua kwanza kama mrija wa katheta umejikunja, kisha atashika mkono aone kama umepoa, atahesabu mapigo, atatazama dreni (mrija wa kutoa majimaji ya kidonda) na bandeji, ndipo ampigie daktari na kumweleza kwa mpangilio hali ilivyo, historia ya mgonjwa kwa ufupi, tathmini yake mwenyewe, na anachoomba kifanyike. Anayesubiri mpaka presha ishuke ndipo aite, amemchelewesha mgonjwa, kwa maana mwili wa mtu mwenye afya huweza kuibana presha isishuke hata damu nyingi ikiwa imekwisha kupotea. Uamuzi wa aina hiyo hauna mstari wake katika kitabu cha mazoezi, na hakuna namna ya kuusomea mbali na mgonjwa, wala bila mtu wa kukuuliza: kwa nini umemwita daktari sasa, na kwa nini hukumwita saa moja iliyopita?

Ongeza hapo kwamba mgonjwa huyo hayuko peke yake. Wodi ina wengine ishirini au zaidi, mmoja anaruhusiwa na hajaelezwa namna ya kutumia dawa zake, mwingine hajageuzwa tangu asubuhi na mgongo umeanza kuwa mwekundu, na chini yako wapo mhudumu wa afya na mwanafunzi wanaongoja uwagawie kazi. Kuamua nani aanze, kazi ipi umpe nani na ipi usimpe mtu, kisha kukabidhi zamu kwa namna ambayo anayekuja hatalazimika kukupigia simu ukiwa kwenye daladala, hayo ndiyo masomo yako ya wodini. Zahanati haikufundishi hayo, si kwa sababu ni mahali duni, bali kwa sababu mgonjwa wa zahanati hurudi nyumbani au hupewa rufaa.

Patricia Benner, msomi wa uuguzi wa Marekani, alieleza mwaka 1984 kwamba muuguzi hupita hatua tano kuanzia ugeni hadi ubingwa. Watu huitumia hoja hiyo kudai kwamba mwenye miaka mingi ameshafika juu. Wanasahau sehemu ya pili ya maelezo yake, kwamba muuguzi bingwa akipelekwa kwa wagonjwa wa aina asiyoizoea anaweza kurudi katika hali ya mgeni. Kwa hiyo usijiulize umefanya kazi miaka mingapi, jiulize miaka hiyo umewahudumia wagonjwa wa namna gani.

Neno moja kuhusu kuzalisha, kwa kuwa umelitaja. Waliosoma zamani walifundishwa kwamba uchungu hai huanza njia ikifunguka sentimita 4, na patografu, yaani chati ya maendeleo ya uchungu, walianza kuijaza hapo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 umeusogeza mwanzo huo hadi sentimita 5. Nimewaona wakunga hodari, wenye mikono ambayo ningemkabidhi mwanangu mwenyewe, wakibishana na jambo hili mwezi mzima, kwa sababu mazoea yanapopata umri huvaa sura ya ujuzi. Kuna vitendo utakavyovirudia, na baadhi yake utagundua kwamba vimebadilika.

Ndugu yako wa Texas naye ana shida ya upande wake. Paramediki anamwona mgonjwa mmoja kwa muda mfupi, anafuata mwongozo ulioidhinishwa na daktari anayesimamia huduma yao, anamtuliza, anamfikisha. Mikono yake katika njia ya hewa na katika mshtuko wa moyo huenda ikawa bora kuliko ya wauguzi wengi. Asichokizoea ni siku ya tatu ya mgonjwa, anapokuwa haonyeshi dharura yoyote lakini hali chakula vizuri, hatembei, haelewi insulini yake, na familia yake imeanza kuchoka.

Kijana wa Kaloleni, sasa Texas

Shikamoo mwalimu, na salamu kwako dada. Mimi nilizaliwa Arusha, na huku nilianza kwa leseni ya LVN, yaani muuguzi wa ngazi iliyo chini ya aliyesajiliwa, kabla ya kusajiliwa, kwa hiyo nitaeleza ya huku ili ndugu yako asipotezwe na matangazo.

LVN ni jina linalotumika Texas na California tu, na majimbo mengine humwita mtu huyohuyo LPN. Mafunzo yake ni ya takriban mwaka mmoja. Hapa Texas tofauti na muuguzi aliyesajiliwa imeandikwa waziwazi katika kanuni: LVN anafanya kazi chini ya usimamizi na tathmini yake inalenga tatizo lililopo, ilhali aliyesajiliwa ndiye anayefanya tathmini kamili ya mgonjwa na kutengeneza mpango wa uuguzi. Aliyoyasema mwalimu kuhusu katheta, huku ni mpaka wa kisheria.

Marekani wamewahi kujaribu njia ya kuuamini uzoefu karibu moja kwa moja. Chuo cha Excelsior cha New York kilikuwa na stashahada ya uuguzi kwa LPN, paramediki na wengine wenye kazi za afya, ambayo mwanafunzi aliisoma akiwa kwake. Badala ya kupangiwa wodi muhula mzima, mwishoni alifanya mtihani wa vitendo hospitalini kwa siku mbili na nusu, akimhudumia mgonjwa halisi mbele ya mtahini, na walioufanya wanausimulia kwa hofu mpaka leo. Wengi walifaulu na ni wauguzi wazuri. Hata hivyo Baraza la Uuguzi la California lilikataa kuwapa leseni waliojiunga na programu hiyo kuanzia tarehe 6 Desemba 2003, kwa hoja kwamba masomo yao hayakuambatana na mafunzo ya wodini yanayosimamiwa. Kwa maneno mengine, mtihani uliweza kuonyesha kwamba mtu anajua, lakini Baraza lilitaka pia kujua kwamba amefundishwa. Mimi binafsi naona California ilikuwa kali kupita kiasi, ila ukali huo uliwagharimu wanafunzi na haukukigharimu chuo.

California hiyohiyo ina njia nyingine iliyomo katika sheria yake, ambapo LVN anaweza kusoma yuniti (vipimo vya masomo ya chuo) zisizozidi 30 za uuguzi na sayansi zinazohusiana nao, kisha akaruhusiwa kufanya mtihani wa leseni. Anakuwa muuguzi aliyesajiliwa kamili ndani ya jimbo, lakini hahesabiwi kuwa mhitimu wa chuo cha uuguzi, na akihama anaweza kukataliwa leseni kwingine. Ndugu yako asikubali njia ya mkato ya namna hiyo kabla ya kuuliza majimbo yote anayofikiria kuishi.

Ataambiwa pia kwamba sehemu ya wodi itafanyika kwa mwanasesere katika chumba cha mazoezi. Asidharau. Utafiti mkubwa wa baraza la kitaifa linalounganisha mabaraza ya uuguzi ya majimbo, uliotolewa mwaka 2014, ulikuta kwamba hadi nusu ya saa za wodini zinaweza kubadilishwa na mazoezi ya kuiga bila matokeo kuharibika, ilimradi mazoezi hayo yaandaliwe vizuri na walimu waliofunzwa kuyaendesha. Masharti hayo ya mwisho ndiyo ghali, na ndiyo yanayorukwa. Kuhusu mtihani wa leseni, NCLEX-RN, tangu Aprili 2023 una visa vya wagonjwa vinavyoendelea hatua kwa hatua, na idadi ya maswali ni kati ya 85 na 150 kutegemea unavyojibu. Paramediki wengi hukwama pale wanapochagua jibu la kutenda haraka wakati swali linataka tathmini kwanza.

Mama Zamu, Sakina

Mwalimu, nakuheshimu sana, lakini umeeleza wodi inavyopaswa kuwa, na binti ameuliza kuhusu wodi atakayoikuta. Mimi nilipanda kutoka cheti kwenda stashahada, na leo ni Afisa Muuguzi Msaidizi. Katika hospitali niliyopangiwa, ambayo sitaitaja, mara tu walipojua kwamba nina leseni na uzoefu, niliwekwa kwenye ratiba ya zamu kama mtumishi. Usiku nikawa peke yangu na wodi ya wanaume, huku wenzangu vijana wasio na cheti wakifundishwa mchana na mkufunzi anayewazunguka. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nimemwita daktari sasa na si saa moja iliyopita. Hapakuwa na mtu wa kuuliza. Kitabu changu kilijaa saini na nilitoka na ujuzi uleule nilioingia nao, nikiwa nimechoka zaidi.

Simlaumu muuguzi kiongozi wa wodi ile, maana alikuwa na upungufu wa watu na akaletewa mtu anayeweza kazi. Wewe ungemwacha akae benchi? Tatizo ni kwamba chuo kilimpeleka mwanafunzi bila karatasi inayoeleza amekuja kujifunza nini. Kwa hiyo, mdogo wangu, usiende na kitabu cha mazoezi peke yake. Kabla hujaripoti, keti na mkufunzi wako muandike kwa lugha ya kawaida malengo machache yako wewe, kwa mfano kupokea mgonjwa na kumwandalia mpango wa uuguzi tangu anaingia hadi anaruhusiwa, kuongoza zamu chini ya uangalizi, kukabidhi zamu mbele ya msimamizi, kumtathmini mgonjwa mahututi. Karatasi hiyo umkabidhi muuguzi kiongozi siku ya kwanza, kwa adabu, ukimwambia kwamba kazi za kawaida utazifanya bila kusukumwa lakini unaomba kila wiki upate nafasi ya kusimamiwa katika haya. Wengi wataafiki. Hata wao hawapendi kumkaimisha mwanafunzi, wanakosa namna tu.

La pili, usikubali mafunzo yafanyike katika kituo unachofanyia kazi, hata kama nauli itakuuma. Majirani zetu wa Kenya walianzisha mwaka 2005, kwa ushirikiano wa shirika la afya la Amref na Baraza la Uuguzi la huko, mpango wa kusomesha kwa kompyuta wauguzi wa cheti wapatao 22,000 ili wafikie stashahada bila kuacha vituo vyao. Kwa darasani ni jambo la maana sana, hasa kwa mtu aliye mbali na mji na mwenye watoto, na ninatamani sote tungelipata. Lakini ukiwa wodini kwako, wewe ni mtumishi. Mganga mfawidhi akikuona na sare atakutuma, wenzako watakuachia zamu, na wewe mwenyewe utaona aibu kumuuliza mwenzako jambo ambalo wanadhani unalijua. Aibu hiyo ndiyo inayomwangusha mwenye uzoefu. Kijana anauliza kila kitu kwa kuwa hana cha kupoteza.

Mwalimu wa Wodini, Moshi

Mama Zamu, sina la kukubishia kuhusu ratiba, na umeniongezea jambo. Ninatofautiana nawe kidogo kuhusu usiku. Zamu ya usiku yenye msimamizi ni darasa zuri kuliko la mchana, kwa kuwa madaktari ni wachache, wageni wameondoka, na mgonjwa anayebadilika hubadilika mbele yako. Kibaya ni usiku wa peke yako. Mwanafunzi aombe usiku, lakini ahakikishe kwenye ratiba lipo jina la muuguzi aliyesajiliwa juu ya lake.

Binti wa Bomang'ombe

Nawashukuru sana, walimu na kaka uliye Texas, ujumbe wako nimeshamtumia ndugu yangu. Nina swali moja la mwisho. Chuo kimetuambia kwamba wanaojiendeleza watapewa wiki chache za kuchagua wodi wenyewe, nje ya zile zilizopangwa. Nilifikiria kuomba chumba cha wagonjwa mahututi, kwa sababu sijawahi kufanya kazi humo na nadhani ndiko penye ujuzi mkubwa. Je, nitakuwa nimechagua vema?

Mwalimu wa Wodini, Moshi

Nisingeanza huko. Katika chumba cha mahututi muuguzi ana mgonjwa mmoja au wawili, mashine zinapiga kelele kabla hujafikiri, na mgeni hutumia wiki zote kujifunza vitufe. Utarudi na hadithi nzuri za kusimulia kituoni, lakini kituoni kwako hakuna mashine hizo. Omba wodi ya upasuaji au ya magonjwa ya ndani ya watu wazima katika hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kanda, mahali ambapo mgonjwa anaharibika polepole na hakuna king'ora cha kukuambia. Tena utapata faida katika kazi yako ya gari la wagonjwa, kwa kuwa utaanza kuona nani kati ya wale unaowasindikiza alipaswa kuondoka Hai saa nyingi kabla. Mahututi ufuate baadaye, ukibakiwa na wiki moja.

Kijana wa Kaloleni, sasa Texas

Nakubaliana na mwalimu, na kwa ndugu yake paramediki ningesema vilevile kwa sababu nyingine. Yeye atavutwa na idara ya dharura, maana huko anajulikana na atasifiwa. Aombe wodi ya wazee na ya magonjwa ya akili. Huko hakuna kitu cha haraka cha kufanya, na itambidi aketi na kumsikiliza mtu kwa nusu saa, kazi ambayo ambulensi haikuwahi kumpa muda wake.

Mama Zamu, Sakina

Nyongeza ndogo kuhusu saini, kwa kuwa hakuna anayeitaja mpaka wiki ya mwisho. Usikusanye kazi za mwezi mzima ukamfuata msimamizi akusainie kwa mkupuo, kwa sababu akiwa likizo utaanza kumtafuta kwa simu, na akikubali atakuwa anatia saini asichokiona. Mwisho wa kila zamu mpelekee kimoja au viwili ulivyovifanya mbele yake, na kando ya saini mwombe aandike sentensi moja ya ulichokosea. Wengine watacheka na kusema hujakosea kitu. Basi muulize yeye angefanya nini tofauti, kisha andika jibu lake mwenyewe kwa kalamu yako.